Mataruma

Nilianza Saranda alfajiri, nyundo ya baba begani,
mpini umelainika kwa jasho lisilo langu.
Mwenye kibanda cha chai akauliza, "Mama, mabasi yamegoma?"
Nikamwambia natembea, hadi Gulwe.
Akaitazama miguu yangu, akaniongezea andazi,
hela akakataa.

Baba alikuwa mtu wa genge.
Kazi yake kwenda na kurudi, kugonga chuma na kusikiliza.
"Bolti iliyokaza hulia ngaa," alitufundisha.
"Iliyolegea husema nde,
kama mtu anayekuficha jambo."
Akahamishwa stesheni hata stesheni,
na kila tulipohama tuliacha kitu:
Kintinku kuku wanne, Bahi jino langu la kwanza,
Kigwe, Yoramu.

Yoramu alikuwa na miaka miwili, na surua.
Sura yake siikumbuki. Namkumbuka mama
akipepeta mtama jioni ileile,
akiupepeta, akiupepeta,
makapi yalikwisha zamani.

Kigwe niliingia siku ya nne, ukucha wa gumba umeng'oka.
Nyuma ya nyumba za reli sasa ni shamba la alizeti.
Mwenyewe, kijana, Chilongani,
akanipeleka katikati ya mabua hadi penye mawe saba.
"Jembe nalizungusha hapa," akasema.
"Sikujua ni nani,
ila mawe hayajipangi yenyewe."
Nikakaa. Sala iliyo tayari sikuwa nayo.
Nikamweleza Yoramu mambo ya kawaida:
Perisi ana wajukuu, mvua mwaka huu ilituchezea,
kuna treni mpya ya umeme, inapita kule,
haina moshi, haisalimii mtu.

Dodoma sikuitambua.
Ni kama mtoto uliyemwacha ananyonya,
unarudi, anakudai kitambulisho.
Nililala kwa Perisi, Chang'ombe.
Akanikanda miguu kwa maji ya chumvi, huku akigomba:
"Mama alitembea kwa kukosa nauli.
Wewe unayo. Unamuigiza nani?"
Nikanyamaza, kwa kuwa sikujua.
Asubuhi akafunga karanga kwenye kitambaa,
akanisindikiza hadi Ihumwa
kwa kandambili, bila neno, mdogo wangu yule,
kisha akapanda bodaboda akarudi.

Kikombo nilifagia kaburi la mama.
Saruji imepasuka; tarehe, zilizochorwa kwa msumari,
bado zinasomeka. Upepo wa Julai
ulikuwa ukirudisha majani kila nilipoyatoa.
Nikaona na yeye angecheka, nikaacha.

Igandu. Msagali. Migunga mitupu, vumbi jekundu,
wanawake wakichimba maji katika mchanga wa korongo.
"Mbukwenyi," wakaniita. "Mbukwa," nikajibu,
na kata ya kwanza wakanipa mimi, mgeni.
Magoti yalinisema kwa lugha zote.
Nilihesabu mataruma, nikapotea kwenye elfu tatu,
nikaanza upya, nikapotea.

Gulwe hakuna kaburi.
Mto Kinyasungwe, mwaka ule wa mafuriko,
ulibeba tuta, ukabeba daraja,
na makaburi yote ya upande wa chini.
Tulitafuta siku mbili. Tulipata msalaba wa mtu mwingine.
Ndilo jibu lako, Perisi, limekuja limechelewa:
mama ana saruji, Yoramu ana mawe na kijana wa alizeti.
Baba nitamfagilia wapi?
Alipobaki ni hapa tu, alipokanyaga,
kilomita zote hizi.

Nikapiga goti kwenye kokoto, nikagonga reli.
Ngaa. Nikasogea. Ngaa.
Kwenye kiungo cha nne, nde.
Nikagonga tena, nisijidanganye. Nde.

Msimamizi wa stesheni alitoa daftari, akalamba kidole.
"Nani ameripoti?"
Nikataja jina la baba.
Akaandika *Membano*, bila h.
Nikamwacha.
Fundi alikuwa ameshachukua spana yake,
anatoka.