Mikroni Tano

Jumatatu, Hexham, manyunyu yasiyojua kuaga.
Kikopo kimeletwa na Callum Ridley, daktari wa mifugo,
ameandika kwa penseli: farasi jike, miaka kumi na mmoja,
mguu wa nyuma, kulia. Seng'enge. Wiki ya tisa.
Ndani ya formalini, kinyama cha ukubwa wa haragwe.

Nakitia nta. Nakipoza. Wembe wa mashine unakikata
mikroni tano, mikroni tano,
utepe mwepesi kuliko ganda la kitunguu,
nauweka juu ya maji ya uvuguvugu ujinyooshe
kama shuka kabla ya mgeni.
Kisha rangi: zambarau kwa viini, waridi kwa vinginevyo vyote.
Vidole vyangu vina waridi hilo tangu nianze kazi hii.
Mwenye duka la mikate hudhani ni bitiruti;
sijamsahihisha.

Natazama kwanza ukingo, pale ngozi ilipo nzima.
Juu, safu za seli, sita, saba,
si zaidi. Mnyama wa kilo mia tano
amejisitiri kwa kitu chembamba hivi.
Chini yake kolajeni, ukili juu ya ukili,
na mashina ya nywele yamezama mshazari,
kila moja na tezi yake ya mafuta, tezi yake ya jasho,
na msuli mdogo kama uzi wa sindano
unaosimamisha unywele baridi inapopiga.
Nimeyahesabu. Sikuombwa kuyahesabu.

Halafu mpaka.
Hakuna nywele, hakuna tezi, hakuna neva;
mishipa ya damu tu, imesimama wima,
na seli changa zajenga, zajenga,
hakuna aliyeziambia kwamba dari imeshapita.
Wenyeji wa hapa huiita nyama yenye kiburi.
Mama yangu angesema donda ndugu, tena kwa sauti ya chini.
Mimi naona woga:
mwili ulioona shimo ukalijaza kwa pupa
hadi ukafanya kilima.

Kwenye kiwiliwili kidonda hujivuta, kingo zikakutana;
chini ya ngozi ya huko kuna msuli unaotikisa nzi.
Mguuni haupo. Ni ngozi, ukano, mfupa,
na ngozi yenyewe imewambwa kama ya ngoma.
Kidonda cha hapo hakifungwi, hutambaliwa:
seli za ukingoni huachia mkono wa jirani,
hujilaza, husogea,
sehemu ya kumi ya milimita kwa siku,
siku ikiwa njema.
Naziona zilipofikia: ulimi wa zambarau, unene wa seli moja,
umekwama chini ya mteremko
kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja limechukuliwa.

Nampigia Ridley. Si saratani, namwambia.
Kata. Kata usawa wa ngozi.

Alhamisi niliomba kwenda. Zizi la Isobel Thirlwell,
ng'ambo ya Tyne, harufu ya nyasi kavu na mkojo.
Damson mwenyewe ni mweupe, lakini pua na kope
zinaifichua ngozi nyeusi, weusi ule ule
niliouona kwenye safu ya chini, kama vumbi la kahawa.

Wembe ukapita. Damu ikachuruzika hadi kwenye saruji.
Damson akaendelea kutafuna.
Aliyegeukia ukuta ni Isobel.
"Hasikii," Ridley akamwambia, "nyama hii haina neva."
"Mimi ninazo," akasema.
Uzio alijua umelegea tangu kiangazi.

Bandeji, kila siku nne. Ikaota tena, ikakatwa tena.
Theluji ikaja, ikaondoka bila kushika.
Machi nikaletewa picha, si kikopo:
kovu, urefu wa jani la mwarobaini,
jeusi, linang'aa, halina unywele.
Halitatoa jasho. Halitasisimka baridi ikipiga.
Nzi akitua hapo, mkia utajua la kufanya.

Nimeibandika juu ya sinki.
Nanawa mikono. Waridi halitoki.