Aliye Juu Mngoje Chini

Mbonea, jirani yangu wa ghorofa ya tatu,
jana uliniuliza kupitia mlango uliofunguka nusu:
mwanamke asiyeona, wa miaka hamsini na miwili,
anatafuta nini kwenye theluji?

Kaa, nikueleze. Chai yako inapoa.

Glenshee ni mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa Dundee.
Gari la chama linanuka soksi mbichi na machungwa.
Dereva anapiga miluzi, vibaya.
Siku ya kwanza walinivika buti ngumu kama chungu,
nikatembea kama bata, nikacheka kabla ya kuogopa.

Mwalimu wangu ni Eilidh. Sauti yake ina mikwaruzo,
kama mtu aliyelala na redio.
"Kutanisha ncha za mbele," alisema, "kama kipande cha piza."
Mimi nikakumbuka Usangi, utingo akikimbia
nyuma ya lori la ndizi, kabari mkononi,
aisokomeze chini ya gurudumu kabla mlima haujalidai.
Nikaigeuza miguu yangu kabari.
Nikasimama. Mlima ukaniacha.

Yeye hutangulia, mimi nyuma, kati yetu
kiredio kidogo sikioni.
Kiingereza changu kikishika kasi hukosa breki,
kwa hiyo nimemfundisha:
Kushoto. Kushoto. Kulia. Nyooka.
Wiki ya tatu akaongeza mwenyewe, "Haya, mama, twende!"
na waliokuwa kwenye lifti ya viti wakanyamaza,
labda wakidhani mlima umebadili lugha.

Hujui kuwa theluji ina sauti, Mbonea.
Wewe unaiona dirishani, nyeupe, basi.
Iliyoanguka usiku hupumua kama unga unaochekechwa.
Iliyoyeyuka ikaganda tena hukwaruza
kama sufuria likisuguliwa kwa mchanga.
Penye barafu tupu hakuna sauti kabisa,
na hapo ndipo roho hushuka magotini.

Nimeanguka, sitakudanganya.
Mara ya nne nilipoteza ski moja na heshima yote,
theluji ikaingia mpaka mahali pasipotajwa.
Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka;
hawakusema kuanguka ni nini.
Ni kulala chali, pua inaungua kwa baridi,
kumsikia Mskoti akiuliza, "Mzima?"
na kujibu, "Mzima."

Usinitajie miguu.
Fergus hana hata mmoja. Anakaa
kwenye kiti kilichofungwa juu ya ski,
mikononi vigongo viwili vyenye ski ndogo nchani,
anashuka huku akitukana kwa furaha.
Yuko kijana Ruaridh, hasikii, anapanda ubao,
anausoma mlima kwa nyayo;
wanasema kasi yake haina adabu.
Pale hakuna anayeuliza umepatwa na nini.
Wanauliza uzito wako, na kama unapenda mwendo.

Tangu kreti lile likuangukie ghalani
umekuwa mhasibu wa visivyowezekana.
Haya, hesabu na hivi: nguo za kuazima, kofia ya kuazima,
nauli pauni nane, supu ya dengu bure.

Nyumbani walitutisha: mpanda ngazi hushuka.
Sisi tunalipia kushuka, Mbonea!
Tukifika chini tunapanga foleni tupande tena.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbele ya maktaba.
Binti yangu Nakunda atakusukuma ukitaka;
usipotaka, atatembea kando akikusimulia mpira.
Kiti cha Fergus kina pacha wake. Nimeshauliza.

Na ile methali uliyonitupia mlangoni, aliye juu mngoje chini,
nimeikubali.
Nitatangulia kushuka.
Utanikuta kwenye uzio, na chupa ya chai ya tangawizi,
masikio yameelekea mlimani,
nasikiliza ni tusi gani
utaanza nalo.