Sifuri Nukta Nne

Kabla mtambo haujaingia ardhini
nilitumwa na kamera kuhesabu nyufa,
nyumba kwa nyumba, magharibi ya Toronto,
kesho mtu asije akatudai ufa wa jana.
Nimelelewa na msemo kwamba usipoziba ufa
utajenga ukuta.
Kazini hapa ufa hauzibwi.
Hupigwa picha, hupewa namba,
hufunguliwa faili.

Dona Deolinda Furtado, nyumba ya kumi na tisa,
alinipokea mikono ina unga.
"Huu ni wa mwaka ule walipong'oa reli za tramu.
Huu ni wa mlango alioubamiza mwanangu
akaenda zake Calgary."
Jikoni, nyuma ya kabati,
ufa mwembamba kama unywele,
na mstari wa penseli umekatiza juu yake,
tarehe pembeni, kwa mwandiko wa shule.
"Mstari ukipishana, nitajua."
Nikatabasamu. Nikajaza: ufa wa saba, milimita sifuri nukta tatu.
Penseli sikuiandika.
Fomu haikuwa na nafasi yake.

Tukabandika vioo vidogo kwenye kuta.
Juu ya paa la maktaba, darubini ya leza
hugeuza shingo kila dakika ishirini,
hukitazama kioo kimoja kimoja,
na mtaa mzima huja mezani kwangu
ukiwa nukta: kijani, manjano, nyekundu.
Chini, mita kumi na nane chini ya vitanda vya watu,
Giroux anausukuma mtambo, anakula udongo.

Nilijifunza kwamba nyumba hupumua.
Jua likipiga ukuta wa mashariki, namba hupanda;
usiku hushuka.
Nikaacha kuogopa mwendo.
Hakuna aliyenifundisha kuogopa utulivu.

Februari, saa tisa usiku, theluji ya upande.
Nyumba ya kumi na tisa: sifuri nukta nne.
Sifuri nukta nne.
Sifuri nukta nne.
Kijani. Nikamimina kahawa.

Simu ikalia.
"Mlango wa stoo hauingii kwenye fremu yake.
Na mstari wangu umepishana."
"Mama, huku kwangu ni kijani."
Akanyamaza kidogo.
"Kijani cha nani?"

Nikarudi nyuma kwenye jedwali, saa moja, mbili, tano.
Sifuri nukta nne, bila kutikisika,
katika baridi inayokunja hata chuma.
Nyumba gani hiyo, isiyovuta pumzi?
Theluji ilikuwa imekiziba kioo,
na programu, kama karani anayeogopa kufukuzwa,
ilikuwa ikirudia jibu la mwisho ililolijua.

"Giroux, simamisha."
"Kwa nini? Shinikizo langu liko sawa."
"Kwa sababu ya penseli."
Akatukana kwa Kifaransa. Akasimamisha.

Nikapanda ngazi kwa viatu vilivyojaa maji,
nikakifuta kioo kwa mkono wa koti
kama mtu anayemfuta mtoto kamasi,
nikasubiri darubini igeuke.
Sita nukta moja.
Mtaa mzima wa kijani, na tone moja la damu.

Walisindilia saruji chini yake hadi kukakucha.
Nyumba haikuanguka, kwa hiyo hapana habari:
gazeti halina ukurasa
wa nyumba zilizobaki zimesimama.

Asubuhi mlango wa stoo bado ulikuwa umekwama.
Dona Deolinda akachora mstari mpya
kando ya ule wa zamani, akaandika tarehe,
akanikatia mkate bila kuniuliza lolote.

Siku hizi namba isiyobadilika kwa saa nzima
hugeuka kijivu, na kengele hulia.
Hilo niliandika mimi.
Lakini kwenye ripoti ya usiku ule,
pale panapouliza taarifa ilitoka wapi,
palikuwa na kioo, kipimo cha maji, kipimo cha mwinamo.
Nikashuka hadi mwisho wa orodha
nikachagua: Mengineyo.