Ndara Mlangoni

Umeme wa Newala hauagi.
Ulikatika saa nne usiku, seva ikiwa katikati ya kuandika
kilo za Bi Somoe Nantanga, gunia la saba,
na alfajiri ukarudi kama mgeni asiyejua alichovunja.

Nikawasha. Ikakohoa, ikazima.
Nikawasha tena. Maneno yaleyale:
*yupo mwenzako ndani, namba 1104,
wawili hamwenei.*

Dirishani wakulima wameshafika,
stakabadhi zimekunjwa mara nne kwenye pindo la kanga,
ukungu bado umeikalia mikorosho,
na katibu wa chama, Bwana Likapa, ananiuliza
kwa upole unaouma:
"Hiyo hifadhidata yako imelala au imekufa?"

Nikamtafuta huyo 1104.
Nikapiga hodi kwenye orodha ya wanaofanya kazi, mmoja mmoja.
Hayupo. Humu hakuna apumuaye kwa namba hiyo.
Kilichobaki ni kifaili, chepesi kuliko punje ya mtama,
marehemu alikiacha kizingitini
kusema: nimo.

Ndipo nikazikumbuka ndara za baba.
Za bluu, kisigino cha kushoto kimeliwa.
Mwezi wa nne huu tangu tumzike
na bado ziko mlangoni, zimeelekea ndani.
Muuza kisamvu akiziona hushusha sauti.
Mjomba alikuja kudai deni lake,
akaziona, akageuka.

Nilikagua mara mbili. Kazi hii haitaki pupa:
ukifuta cha aliye hai, wawili wataandika ukurasa mmoja
na kilo za watu zitakuwa uji.
Nikanakili kila kitu kando.
Nikafuta vya muda tu, kufuli na soketi na makombo ya usiku.
Magunia sikugusa hata moja.

Feni ikaanza. Taa ya kijani.
Gunia la saba halikuwemo, tukalipima upya,
Bi Somoe akasema korosho zake mwaka huu
zimepanda mizani kuliko mtoto wa kliniki.

Jioni niliinama mlangoni kwetu,
nikaziokota, nikazipangusa vumbi kwa kiganja.
"Nani huyo?" mama akaita kutoka jikoni,
na sauti yake ikasubiri kidogo kuliko inavyonisubiri mimi.

"Mimi, mama."

Sikuzitupa.
Nilizigeuza tu, zikaelekea barabarani.