Nyuki wa Mkono wa Kushoto

Weka sikio hapa, Kalunde, kwenye kifundo cha mkono.
Unawasikia?
Daktari kaunga mishipa miwili,
mimi nikapata mzinga.

Miaka thelathini nilitundika mizinga misitu ya Sikonge.
Sasa nalazwa Tabora mjini, saa nne kando ya mashine,
damu ikitoka, ikizunguka, ikirudi baridi.

Maji napimiwa kwa kikombe cha mtoto.
Juzi mvua ilipiga bati usiku kucha,
nikalia.
Si maumivu. Kiu.

Usinipe pole, pole zimejaa nyumba.
Niambie miyombo imechanua?
Kasele karina ndoo ngapi?

Jumatano nitapanda tena pikipiki ya Mihayo,
mkono nimeukumbatia
kama mrina anayeshuka na sega
gizani.