Mwanamke Anafungua Mlango

Semboja, umeniuliza kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa,
kwa nini nimeiacha filamu nikahamia kwenye runinga,
"kwa watu wa sabuni," ulisema.
Sikukujibu. Vocha iliisha,
au nilijifanya imeisha.

Unaikumbuka ile ya mwisho, tuliyoipiga Chumbageni?
Ukurasa wa sitini na mbili:
Mwanamke anafungua mlango. Anampa kijana barua. Anafunga.
Hana jina. Hana neno.
Tulimwita Bi Mwanashehe kwa elfu kumi na nauli,
akaacha karai la vitumbua kwa jirani,
akafungua mlango mara kumi na tisa
kwa kuwa jua lilikusumbua.

Mara ya kumi na tisa mkono wake ulisita kwenye komeo.
Aliitazama barua kama mtu anayejua kilichomo.
Nikasema moyoni: huyu ana nyumba nyuma yake.

Ukahariri, ukambakizia sekunde nne.
"Saa moja na nusu, dada. Watu wana kwao."
Kwenye bango ukaweka bastola, ambayo hadithi haikuwa nayo,
na jina langu huko chini, herufi mbili zimekosewa.

Watu wetu walikuwa kama msemo wa mji huu,
waja leo, waondoka leo.
Wanapendana, wanazikana, taa zinawashwa.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Semboja,
nimelelewa na barabara zenye namba.
Kumjua mtu wa barabara ya kumi na nne
unapanda baiskeli, ya nane unasalimiwa,
ya kumi unaulizwa hali ya mgonjwa,
ya kumi na mbili mnyororo unachomoka.
Unafika umechelewa, na umeshayajua yote.
Njia ya mkato siijui.
Miaka sita nilikudanganya kwamba naijua.

Usidhani huku ni peponi.
Mdhamini kasema bibi asife kabla ya Idi.
Aliyecheza mume kapata kazi Mirerani,
nikamsafirisha usiku mmoja, bila hata sanduku.
Naandika kwa tochi ya simu umeme ukikatika.
Ila mwisho wa mwezi pesa inaingia
sijambishia mtu hodi.
Wewe ulinilipa maneno. Maneno ninayo.

Na yule mwanamke sasa anaitwa Mwanaheri.
Ana deni kiwanda cha kamba,
ana dada wasiyesemezana tangu msiba wa baba yao,
ana namna ya kumenya chungwa ganda lisikatike.
Nilimpa hiyo sehemu ya kumi na moja;
wiki nzima pale Mgandini
wauza machungwa walishindana.

Bi Mwanashehe, hata wajukuu wanamwita Mwanaheri.
Juzi kanishika mkono: "Huyu dada alinikosea nini?"
Nikamwambia sijui, sijafika huko.
"Basi kaa nikwambie."
Akaniambia. Si jambo la kukuandikia hapa,
wala halikuwa la tamthilia.

Leo Jumanne. Sehemu ya thelathini na tisa.
Mlango unagongwa.
Mwanaheri ameshika komeo.
Hafungui.
Kwa nini, sijui bado.
Ninayo hadi Alhamisi.