Wayo Usio na Kiuno

Kiatu hakijui kuficha siri.
Miaka thelathini na moja nakaa soko la Nizwa
nikipindua makubadhi ya watu,
na kabla mtu hajafungua mdomo nimeshajua:
huyu aburura kisigino, huyu ana deni la goti,
bibi huyu humwegemea mwanawe, mkono wa kulia.

Langu mwenyewe sikulipindua.
Alilipindua Rafikul, kijana wangu wa gundi,
akaliweka mezani bila neno:
upande wa ndani umelika mpaka kwenye uzi,
upande wa nje mpya, kama siku niliyolishona.

Daktari Ghaniya akanisimamisha mbele ya ukuta,
akaenda nyuma yangu, akahesabu vidole.
Mguu wa kulia aliona kimoja na nusu.
Wa kushoto, vinne vilichungulia.
"Nyanyuka kwa huo mmoja," akasema.
Nilinyanyua mabega. Nilinyanyua nyusi.
Kisigino kilikaa palepale, kama mgeni asiyejua kuaga.

Kano imelegea, kifundo kimekwenda upogo.
Akakishika, akakisukuma, kikarudi mahali pake.
"Bado kinasikia," akasema.
"Siku kikigoma, hatutakuwa na mengi ya kuchagua."

Kwanza akanipa soli ya ndani, ya kupimwa kwa wayo,
riali arobaini. Nikaipindua
kama mnunuzi wa mnadani anavyofunua meno ya mbuzi.
Ukingo umekatwa ovyo. Lakini ule mwinuko pale katikati!
Ni wangapi nimewatilia kipande cha ngozi papo hapo
nikidhani nawafanyia hisani tu?
Itashikilia, akasema. Haitanyoosha.

Kisha gango la plastiki, hadi nusu ya muundi,
mikanda mitatu. Hilo lashika zaidi.
Lakini Juni ya hapa yai linaiva juu ya boneti ya gari,
na hakuna kubadhi duniani la kulimeza gango lile.
Fundi wa makubadhi, ndani ya raba nyeupe!

La mwisho alinichorea kwenye karatasi:
mfupa wa kisigino ukatwe, usogezwe ndani,
skrubu mbili, na kano iazimwe kwa vidole jirani.
Wiki sita bila kukanyaga. Mwaka mpaka kusahau.
"Hii ndiyo inayonyoosha," akasema,
kisha, kwa kuwa ni mkweli: "mara nyingi."

Dada yangu wa Sib kaleta mafuta ya karafuu.
Nasuguliwa usiku, maumivu yanalala;
asubuhi mguu ni uleule, ila wanukia.

Shawana, mke wangu, anataka kisu.
"Wewe, uliyekula kwa kisu maisha yako yote, unakiogopa?"
Sikumjibu. Ngozi niikatayo haijaungana hata siku moja
bila ya sindano yangu. Mfupa, wanasema, hujiunga wenyewe.
Sijazoea kazi inayomalizika mimi nimelala.

Nikachukua soli.
Niliichana ukingo, nikaushona upya kwa uzi wa nta,
nikaipandisha kidogo, ujuba wa fundi.
Daktari alicheka, akapima, akaniamuru niishushe milimita mbili.
Sasa kila alfajiri nashika mlango wa duka
nikipanda na kushuka juu ya kizingiti, miguu yote miwili,
mara ishirini, Rafikul akihesabu kwa lugha yao
na kuruka namba akiniona natoka jasho.
Tumepeana miezi minne.
Karatasi yenye skrubu mbili
nimeiweka droo ya misumari, juu, si chini.

Leo nimetawadha, nikatembea juu ya saruji.
Wayo wa kulia una kiuno, kama kawaida yake.
Wa kushoto, uliokuwa mzima kama chapati,
una mahali pakavu, ubavuni,
padogo kama kokwa ya tende.
Nikainama. Nikataka kumwita Shawana.

Au ni jua tu,
limeanza kukausha kutoka upande ule.